Nisaini masharti mapya ya kazi au nirudi kwenye vitumbua?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, mama wa mtoto mmoja, naishi Makorora hapa Tanga. Nafanya kazi ya ukeshia nusu siku katika duka kubwa la kujihudumia. Naingia saa tisa alasiri, mlango unafungwa saa tatu usiku, Jumatano hadi Jumapili. Mshahara ni 150,000 kwa mwezi. Nilianza kwa mkataba wa miezi mitatu, ukaongezwa mitatu mingine kwa mdomo, na miezi sita inakamilika wiki ya tatu ya mwezi ujao.

Asubuhi napika vitumbua. Usiku nikirudi nalowesha mchele kilo tatu, saa kumi na moja alfajiri niko jikoni, saa tatu vimekwisha. Nabakiwa na 7,000 hadi 9,000. Ndiyo maana nilitafuta kazi ya nusu siku, si ya kutwa. Meneja aliyeniajiri nilimweleza siku ya usaili, akasema haina shida mradi nisichelewe.

Meneja huyo ameondoka. Aliyekuja ametuletea karatasi mbili za masharti na anataka sahihi zetu kabla ya mwisho wa mwezi. Simu zote kabatini tangu unaingia mpaka unatoka. Kupekuliwa mlangoni. Ukichelewa zaidi ya dakika tano, faini 5,000. Ukipigiwa uje kazini hata siku yako ya mapumziko, usipokuja umetoroka kazi. Hakuna kufanya kazi wala biashara nyingine yoyote. Na shoti ya kaunta, yaani fedha inayopungua kwenye hesabu, inalipwa na makeshia wanaoitumia, sawa kwa sawa.

Hilo la mwisho limeshanifika. Mwezi uliopita kaunta tunayoitumia watatu ilionekana ina shoti ya 186,000. Wote watatu tunaingia kwenye mashine kwa namba moja ya siri, ndivyo tulivyokuta. Tukagawiwa 62,000 kila mtu. Nikapokea mkononi 88,000. Karatasi sikupewa, niliambiwa tu. Siku hiyo usingizi sikuupata.

Tena mlango ukifungwa saa tatu hatuondoki. Tunahesabu fedha, tunasubiri kupekuliwa, inafika dakika arobaini. Chakula tunakula kwa zamu stoo, dakika kumi. Mama yangu ana presha na mimi ndiye wa karibu, sasa simu ikikaa kabatini sijui nitapatikanaje.

Wenzangu wanasema saini tu, karatasi haiumi, na sisi wa nusu siku ni vibarua, haki hatuna. Mume wangu ni mvuvi, akienda dago, kambi ya uvuvi, hukaa wiki mbili, yeye anasema niache nikae na vitumbua vyangu. Lakini kazi hii niliombewa na shemeji yangu, mume wa dada, anajuana na mwenye duka. Nikizozana nao nimemwaibisha. Nisaini, au niache?

Mpika vitumbua, Makorora

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Kukatwa 62,000 kwenye mshahara wa 150,000 si jambo la kumeza na maji.

Tuangalie kwanza kama nimekuelewa. Ulichagua kazi ya saa chache kwa sababu ya jiko la alfajiri, na aliyekuajiri alilijua jiko hilo. Mwenzake aliyemrithi kaleta karatasi inayolizima jiko, inayotaka uitike ukiitwa wakati wowote, na inayokufanya mdhamini wa fedha zinazopita mikononi mwa watu wengine wawili. Juu yake kuna shemeji. Nawe umeiona karatasi kama fundo moja, ulimeze lote au uliteme lote. Mimi naona ndani yake masharti sita, na hayalingani uzito hata kidogo.

La simu na la kupekuliwa ningeyaweka kando mapema. Maduka mengi yana masharti hayo, na si kwa ukatili. Keshia mwenye simu kaunta anaweza kumpa mteja namba yake mwenyewe badala ya lipa namba ya duka, na fedha ikapita pembeni bila mashine kujua. Mwenye duka anayeogopa hilo hajakosea. Unachoweza kuomba ni namna ya kulitekeleza: mwanamke apekuliwe na mwanamke, pawe na pazia, wapekuliwe wote hadi wasimamizi, na iwepo namba moja ya duka au ya msimamizi ambayo jirani yako ataipigia mama akizidiwa. Hapo sidhani meneja mwenye akili zake atakataa.

Sasa hilo la "sisi vibarua, haki hatuna". Nani aliwaambia? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuwatengea watu wa nusu siku mlango wa nyuma. Mfanyakazi akishafanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anatakiwa apate mapumziko ya dakika 60, si dakika kumi za kula umesimama stoo. Mwajiri halazimiki kuyalipa mapumziko hayo, isipokuwa akikuweka tayari kwa kazi wakati huo. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ya usiku, na kila saa inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwako ni kama shilingi 58 kwa ile saa moja. Najua, hazinunui kitumbua. Lakini mwajiri anayedai dakika tano zako za kuingia hana budi kuzijua na hizo 58.

Nimezipataje? Jedwali la Kwanza la sheria hiyo linatoa kanuni: mshahara wa mwezi ugawanye kwa 4.333 mara idadi ya saa za kawaida kwa wiki. Wewe una saa 30 kwa wiki, hivyo 150,000 gawanya kwa 130, unapata takriban shilingi 1,154 kwa saa. Iandike mahali namba hiyo. Kwanza ilinganishe na kima cha chini cha sekta ya biashara. Amri ya mishahara, ile inayotaja kima hicho, huwa na safu ya kiwango cha saa, na watu wa nusu siku ndiyo inayowahusu. Pili itakuonyesha zile dakika arobaini za kila usiku ni nini. Siku tano ni dakika 200, kwa mwezi ni saa 14 na dakika 26. Kwa kiwango cha kawaida tu, unaacha pale zaidi ya 16,000 kila mwezi bila mtu kukukata. Na faini ya 5,000? Ukichelewa dakika ishirini, mshahara wa dakika hizo ni kama shilingi 385.

Nije kwenye shoti, maana hapo ndipo penye kidonda.

Kifungu cha 28 cha sheria hiyo kinamzuia mwajiri kukata mshahara isipokuwa makato yanayotakiwa au kuruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, ama deni ambalo mfanyakazi amelikubali kwa maandishi. Faini ya kuchelewa siioni humo. Na deni likiwa la hasara kama shoti, kuna masharti yake, yote yatimie: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo; apewe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa; apewe nafasi ya kukipinga; kisizidi hasara halisi; na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Robo ya 150,000 ni 37,500. Wewe umekatwa 62,000, hukuandikiwa, hukuulizwa. Ona pia kwamba deni linahitaji kibali chako cha maandishi, na karatasi mnayoletewa inaweza kuja kusomwa kama kibali hicho. Kwa hiyo mwenzako anayesema karatasi haiumi, sina hakika kama ameisoma yote.

Lakini usiniharakie. Shoti ipo, na mwenye duka kupoteza 186,000 si mchezo. Swali ni ilitoka wapi. Watu watatu wakitumia namba moja ya siri, mashine inayaona mauzo yote kama ya mtu mmoja. Nani alifuta bidhaa baada ya kuipiga, nani alirudisha chenji ya elfu kumi kwa noti ya elfu tano, hapajulikani. "Kosa la mfanyakazi huyo" litathibitishwaje?

Tena shoti nyingi si wizi. Mteja amelipa kwa lipa namba, keshia akabonyeza taslimu: droo inaonekana pungufu, kumbe fedha iko kwenye akaunti ya duka. Hiyo inagunduliwa kwa kuiweka ripoti ya Z, ile jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine, kando ya taarifa ya lipa namba, mstari kwa mstari. Nyingine ni chenji ya kuanzia kutohesabiwa: mnaamini ni 50,000 kwa sababu jana ilikuwa 50,000. Nyingine ni noti ya elfu kumi nyekundu na ya elfu mbili ya kahawia, zote zimechakaa, taa hafifu, saa mbili na nusu usiku, foleni imefika kwenye sabuni. Kosa moja la namna hiyo ni 8,000.

Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya nani alipe, kuna ombi ambalo linamfaa meneja kuliko linavyokufaa wewe: kila keshia awe na namba yake ya siri na droo yake. Zikikosekana droo, basi kila mnapopokezana, fedha ihesabiwe mbele ya wawili, noti kwa noti na sarafu kwa sarafu, jumla iandikwe, wote wawili wasaini. Dakika saba au nane zinatosha. Wakati huohuo wewe uwe na daftari dogo nyumbani: tarehe, saa uliyokaa kaunta, ulianza na shilingi ngapi, ulikabidhi ngapi, kwa nani, uliondoka saa ngapi. Liandike usiku huohuo wakati unalowesha mchele. Ripoti za duka usizitoe nje wala usizipige picha. Hilo litakugeuza wewe kuwa mwenye kosa.

Kuhusu kuitwa wakati wowote na kutofanya biashara nyingine, haya mawili yasome pamoja. Mtu anayemlipa mwenzake kwa saa 30 anataka pia saa zilizobaki, bila kuzilipia. Huenda hakukusudia hivyo. Masharti ya namna hii mara nyingi hunakiliwa kutoka karatasi ya wafanyakazi wa kutwa, na shabaha ya asili ni mtu anayeuza nje bidhaa zilezile za duka au anayefanya kazi kwa mshindani. Je, duka lenu lina kona ya vitafunio? Kama halina, vitumbua vya alfajiri Makorora vinamgusa wapi? Kama linayo, hofu yake ina msingi kidogo na itabidi uijibu. Sheria inasema pia kwamba mambo ya msingi ya ajira, zikiwamo saa za kazi, yakibadilika, mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Kushauriana si kupewa kalamu.

Sasa nikuulize na wewe, usinune. Umeandika vitumbua kwa mistari michache kana kwamba ni kijishughuli. Faida ya 8,000 kwa siku 26 ni 208,000. Ni zaidi ya mshahara. Basi mume wako ana hoja? Labda. Je, katika hizo 8,000 umetoa mkaa? Mafuta, nazi, iliki na hamira sawa, lakini mkaa na kulipia kusaga watu huvisahau, vinaonekana vya nyumbani. Mtoto na jirani wanaokula bure umewahesabu? Na Ramadhani je? Mwezi mzima soko la asubuhi Tanga linalala, wateja wanahamia alasiri wakisubiri futari, saa zilezile ambazo wewe uko kaunta. Masika nayo ikishuka wiki nzima hujui nani atatoka kununua. Mshahara mdogo unaokuja mvua inyeshe au isinyeshe unaweza kuwa ndio unaolibeba jiko miezi mibaya. Au saa za jioni ukizirudisha jikoni zingezaa zaidi. Jibu utalipata kwenye daftari hilohilo, kurasa za nyuma, ukiandika kila siku kilichotoka na kilichoingia.

Hatari zilizopo nisikufiche. Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri yuleyule. Mikataba yako miwili inaunganishwa, kwa hiyo karibu utavuka. Ila siku unayofikia ulinzi huo ndiyo siku mkataba wako unakwisha, na meneja asiyetaka maneno hana haja ya kufukuza: atauacha uishe. Njia nyingine ni ratiba. Mtu wa nusu siku anaadhibiwa kwa kalamu ya ratiba, siku tano zinakuwa mbili, na hakuna barua ya onyo popote. Tanga tuna usemi wetu wa waja leo waondoka leo, na waajiri wengine wameufanya utaratibu wa ajira. Ndiyo maana saa 30 kuandikwa kwenye mkataba mpya kunaweza kuwa na thamani kuliko kushinda ubishi wa simu.

Ukisaini yote, unapata utulivu wa mwezi au miwili, na shoti ijayo itakukuta umeshakubali. Ukikataa yote, huenda ukaonekana mkorofi kwa mambo ambayo hata wewe huyapingi. Kuna wanaopita katikati. Wanapokea karatasi, wanaomba nakala, na wanajibu kwa maandishi machache kama haya: "Nimepokea masharti mapya. Nakubaliana na la simu, la kupekuliwa na la kufika kwa wakati. Kuhusu biashara yangu ya asubuhi ambayo meneja aliyeniajiri aliijua, kuitwa nje ya ratiba, faini na shoti, naomba tuzungumze kabla sijasaini." Tarehe, jina, nakala yako nyumbani. Akikulazimisha usaini kwamba umeipokea, andika "nimepokea" kando ya sahihi. Na kikao kiombe Jumatano saa nane, kabla ya zamu, si saa tatu na nusu usiku wote mmechoka na anawaza fedha. Kama wale makeshia wawili watakuja nawe, maneno yatakuwa ya kaunta, si ya mtu. Wakiogopa usiwalaumu.

Meneja akigoma kuzungumza, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ina ofisi Tanga mjini, na huduma yake hailipiwi. Unajaza fomu namba moja. Lakini siku zinahesabiwa: migogoro ya makato na mengineyo ni siku 60 tangu jambo litokee, na ya kuachishwa kazi ni siku 30. Zile 62,000 zilikatwa mwezi uliopita, kwa hiyo saa yake inatembea hata ukiwa bado unafikiri. Kabla ya huko kuna afisa kazi, na kuna TUICO, chama cha wafanyakazi wa biashara na viwanda, ukitaka kuingia chama.

Jambo moja hukuliuliza. 150,000 ukitoa 62,000 ni 88,000 kamili. Maana yake NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hukukatwa hata senti. Mchango ni asilimia 20, na kwa kawaida mfanyakazi anatoa 10 na mwajiri 10. Inawezekana mwajiri anakulipia zote. Inawezekana pia jina lako halipo kabisa. Nenda ofisi ya NSSF Jumatatu au Jumanne, siku zako za mapumziko, ukaulize kama una namba na kama kuna michango. Fanya hivyo kabla ya kikao, ili ujue unakaa mezani na mtu wa aina gani.

Na shemeji. Umesema ukizozana umemwaibisha, lakini hujasema kama umemwuliza. Yeye alikuombea kazi. Sidhani alikuombea na kulipa fedha ambayo haijulikani nani kaichukua. Kinachomwaibisha mtu aliyekudhamini ni kuyasikia kwa mwenye duka kwanza, tena yamegeuzwa. Mfuate wewe na dada yako mapema, umwonyeshe namba zako kwenye karatasi: 186,000, watu watatu, namba moja ya siri, 88,000. Umweleze pia yale masharti unayoyakubali. Kisha msikilize, maana mwenye duka anamjua yeye, na atakuambia kama huyu meneja mpya anatekeleza agizo la tajiri au anatunga mwenyewe.